Vipuri vya Gari Lisiloharibika

Houda binti Tajudini alimfahamu Népomuscène kupitia vitu vilivyoharibika. Kabla hajajua kwamba mtu huyu alifiwa na mke, au kwamba anakaa Gasenyi, au kwamba ana binti mmoja tu, Laure, aliyeolewa Ngozi, alikwisha kujua namna anavyoshuka mlima wa Bugarama. Plaketi za breki alizokuja nazo mkononi zilikuwa zimelika taratibu na sawasawa, si kama za madereva wenye pupa wanaokanyaga breki kama wanaua nyoka. Filta ya hewa ikija na vumbi jekundu, Houda alijua ametoka Cankuzo. Ikija na tope lililoganda kama ugali wa jana, alijua mvua imemkuta upande wa Rutana. Na akija na amotisa, yaani shokapu, iliyovuja mafuta yote, Houda aliuonea huruma mgongo wake, ingawa hakumwambia.

Duka lake lilikuwa mtaa wa Buyenzi, katikati ya magereji, mahali ambapo ukirusha jiwe lazima litampata fundi. Marehemu baba yake, Tajudini, ndiye aliyelifungua, na tangu siku ya kwanza liliuza vipuri vya gari la aina moja tu: jipu ndefu za dizeli za silinda sita, zile nyeupe ambazo mashirika na misheni walipanda nazo kila mlima wa nchi hii. Injini yake haikuwa na haraka wala maringo. Ilikunywa mazutu, yaani mafuta ya dizeli, ya kila namna, safi na chafu, na fundi mwenye spana chache angeweza kuifungua kando ya barabara na kuifunga tena kabla mvua haijanyesha. Tajudini alizoea kusema kwamba anayeuza vipuri vya injini ile hatalala njaa, yeye wala wajukuu wake.

Wajukuu hawakupatikana. Houda aliolewa na mfanyabiashara wa Uvira, ndoa ikadumu kama moto wa makaratasi, akarudi kwa baba yake bila mtoto na bila maneno. Mzee akampa kiti nyuma ya kaunta. Alipofariki, kiti kikabaki cha Houda, na mtaa mzima ukawa unamwita Mama Piesi, yaani mama wa vipuri. Kaka yake, Faridi, aliuza matairi mlango wa pili.

Népomuscène alikuwa dereva wa shirika moja la afya lenye ofisi Kinindo. Kila aliporudi kutoka mikoani alipitia dukani kabla hata ya kulirudisha gari. Aliweka kipuri kilichokufa juu ya kaunta kama mtu anayempelekea daktari mgonjwa, na Houda akakigeuza, akakinusa, akauliza maswali. Kisha chai. Népomuscène aliketi juu ya sanduku la mbao, akasimulia barabara: daraja lililosombwa, ng'ombe waliokataa kupisha, mama mjamzito aliyejifungulia kiti cha nyuma wakiwa bado hawajafika Ruyigi. Miaka ikapita hivyo. Hawakuwahi kusemezana neno ambalo Faridi asingeweza kulisikia akiwa kwenye matairi yake. Lakini sanduku la bidhaa likifika kutoka Dubai, Houda alikuwa na kawaida ya kutenga pembeni kilicho bora, kabla ya kupanga vingine rafuni, na hakuna aliyehitaji kumwuliza anamtengea nani.

Siku moja mwanzoni mwa kiangazi Népomuscène aliingia mikono mitupu.

"Leo umeniletea nini, Papa Laure?" Houda alimwuliza.

"Leo sina kitu, Dada Houda."

"Gari iko muzima?"

"Gari iko muzima. Nimekuja na habari tu."

Akaketi juu ya sanduku, kofia mapajani. Akasema kwamba shirika limenunua jipu mpya. Zimekwishafika Kigoma, zinangoja meli.

"Mpya namna gani?"

"Mpya kabisa. Silinda ine tu. Injini ndogo, mi nilidhani wananicheka. Lakini iko na turbo, na nguvu yake inapita ile yetu. Gia inajibadilisha yenyewe. Na ile ya directeur, hiyo haitaki mazutu, inakunywa esansi kidogo na umeme kidogo. Mu mji inaweza kukupita mugongoni na usiisikie."

"Na zile za silinda sita?"

"Wanasema wakati wake umekwisha. Moshi yake haitakiwi tena. Na si sisi peke yetu. Mashirika yote yanabadili, moja moja."

Houda alikuwa mfanyabiashara, na swali lililomtoka lilikuwa la mfanyabiashara. "Filta yake iko namna gani?"

Népomuscène akatazama kiganja chake. "Iko na garanti. Service yote inafanyiwa kwa wale walioiuza. Mi hata kapo nimekatazwa kufungua, isipokuwa kuweka maji ya kioo."

Kapo, boneti, kile kifuniko cha injini: miaka yote mazungumzo yao yalikuwa yakitoka chini yake. Houda akamimina chai, ikajaa hadi ikamwagika kwenye kisahani, akasema "Alhamdulillah, mgongo wako utapumzika," naye Népomuscène akajibu "Ndiyo, mgongo utapumzika." Akanywa chai yake hadi mwisho. Mlangoni aligeuka kana kwamba amesahau kitu juu ya kaunta, akaitazama kaunta ile tupu, akaenda zake.

Meli ilipofika, Houda alikwenda bandarini. Alijiambia kwamba anafuata sanduku lake la bering'i, ingawa Jovithe, wakala aliyemtolea mizigo miaka yote, alikwisha kumpigia simu kwamba sanduku lenyewe limekwama Kigoma.

"Mama Piesi, kwani sikukuambia?" Jovithe alishangaa kumwona.

"Uliniambia. Nimekuja kupunga hewa ya ziwa."

Jovithe akamtazama, akaamua kutouliza. Wapagazi walikuwa wamesimama pembeni, wengine mikono kiunoni, wakiangalia jipu zikitolewa kwenye meli moja baada ya nyingine. Zilikuwa nyeupe kama mayai, viti bado vimevaa plastiki. Gari la tatu liliendeshwa na Népomuscène. Lilitambaa juu ya mbao za daraja bila kunguruma, bila kutetemeka, na uso wa Népomuscène nyuma ya kioo ulikuwa unacheka wenyewe, kama uso wa mtu aliyepewa mtoto ambebe.

Kicheko kile kilimchoma Houda. Alikuja akidhani atamkuta mtu mwenye majonzi kama yeye.

Népomuscène alipomwona alisimamisha gari, akashuka, akamfungulia mlango kama mgeni wa heshima. "Ingia, Dada Houda. Kaa uone."

Houda akaketi. Kiti kilimkumbatia. Mbele yake palikuwa na kioo kipana kama cha televisheni, kikiwaka namba na rangi. Népomuscène alimwonyesha jinsi gari linavyojua lenyewe gurudumu gani linateleza, na kulipunguzia nguvu hilo na kuliongezea jingine. Kisha, akitazama huku na huku kama mwizi wa embe, akafungua boneti. Houda akasogea. Hakuona injini. Aliona kifuniko kikubwa cha plastiki nyeusi, laini, kisicho na hata alama ya mkono wa binadamu.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Iko chini yake."

"Na we umeiona?"

"Bado," Népomuscène akakiri, na wote wawili wakacheka. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini haiumizi mugongo, Houda. Juma hili wametufundisha na moja ya wale walioiuza, na jana nimeamka nimefunga viatu bila kushika ukuta."

Hapo Houda akaona aibu. Kumbe alikuwa amemtakia mtu huyu maumivu ili aendelee kumletea amotisa. Alisema kwa moyo wake wote kwamba gari ni zuri, na aliporudi Buyenzi kwa miguu, jua likimpiga utosini, alijua kwamba si injini ya silinda sita iliyokuwa ikimliza. Injini ilikuwa kisingizio tu, na sasa kisingizio kimekwisha.

Siku zikaanza kuwa ndefu. Mafuta yalikuwa adimu mjini kama kawaida. Magari yalipanga foleni yakazunguka vitalu vizima, na watu wakaja dukani kupiga soga tu kwa sababu magari yao hayana cha kuyafanya yaharibike. Shirika la pili likabadili magari, na la tatu. Madereva waliokuwa wakijazana kwenye kaunta ile wakapungua kama maji ya mto mwezi wa nane. Kila aliposikia dizeli ya zamani ikikata kona, Houda aliinua kichwa. Mara ilikuwa lori la mchanga, mara gari la misheni.

Namba ya Népomuscène alikuwa nayo. Miaka yote walipigiana simu, lakini hakuna simu hata moja iliyowahi kuanza bila kipuri: "Ile pompi imefika?" "Ukipita, njoo uchukue filta zako." Sasa Houda alifungua WhatsApp, akaona yuko pale, neno "mtandaoni" limeandikwa chini ya jina lake, na picha yake bado ni ya jipu la zamani lililosimama kwenye ukungu. Akaandika "Habari ya gari?" Akafuta. Akaandika "Habari ya mugongo?" Akafuta kwa haraka zaidi. Mwanamke mzima, mtu wa heshima zake, atauliza mgongo wa mwanaume kwa haki gani?

Alichofanya badala yake kilimshangaza hata yeye mwenyewe. Alimpigia simu binamu yao wa Dubai, akaagiza filta za injini mpya: ya mazutu, ya hewa, ya mafuta ya injini. Seti kadhaa. Zilipofika, ndogo na nyepesi ndani ya maboksi yake safi, Faridi alizichukua mkononi akazipima kama nyanya za sokoni.

"Hizi ni za nani?"

"Za jipu mpya."

"Jipu mpya ziko na garanti. Nani atakuja kununua kwako?"

"Garanti nayo inakwisha."

"Houda, dada yangu." Faridi alikuwa mtu mpole, na alipotaka kusema neno gumu alianza kwa kuketi. Akaketi juu ya lile sanduku la mbao, na Houda akatamani kumwambia aondoke pale. "Unanunua majani ya ng'ombe ambaye hayuko kwenye zizi lako."

Houda akayachukua maboksi mkononi mwake. Alizipanga filta kwenye rafu ya mbele, mahali ambapo mtu anayeingia angeziona.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza Jumapili ile Népomuscène alipotokea. Alikuja kwa miguu. Houda alikuwa akifuta vumbi, na hakumtambua mara moja, kwa kuwa hajawahi kumwona bila gari nyuma yake. Alikuwa amevaa shati la kanisani na viatu vilivyopigwa rangi, tope limevirukia hadi visiginoni. Alisimama kizingitini, mikono haijui pa kwenda.

"Amahoro, Dada Houda."

"Amahoro, Papa Laure. Karibu. Gari umeacha wapi?"

"Sina gari. Nimetoka misa, nikatembea."

Kutoka kanisa lake hadi Buyenzi ni mwendo wa kutosha. Houda akamletea kitambaa ajifute mvua, akawasha jiko la chai, akalizima, akaliwasha tena. Bila kipuri juu ya kaunta hawakujua waanzie wapi.

"Umepotea," Houda alisema mwishowe.

"Sikupotea. Ni ile gari." Akavuta pumzi. "Iko na kitu kidogo ndani, kinasema na ofisi. Ukisimama, wanaona. Ukikata kona, wanaona. Mara ya kwanza nilipoipata nilikuja hapa. Nilisimama pale kwenye kona. We ulikuwa na wateja, ukanipa mugongo. Nikasema nitangoja kidogo. Kesho yake wananiuliza ofisini: Népo, Buyenzi ulikuwa unatafuta nini? Zamani ningesema filta, ningesema plaketi. Siku ile nilikosa cha kusema."

"Ukasema nini?"

"Nikasema nilinunua mukate."

"Mukate!" Houda akacheka hadi akashika kaunta. "Kinindo yote imekosa mukate?"

"Na wao walicheka hivyohivyo." Lakini Népomuscène mwenyewe hakucheka sana. "Halafu nikaanza kufikiri. Hata nikija bila gari, nitasema nimefuata nini?"

Alipokuwa akisema hayo macho yake yaliinuka kwenye rafu. Akasimama, akachukua boksi moja, akasoma namba iliyoandikwa ubavuni, akasoma tena akifuata kwa kidole.

"Hizi ni za gari yangu."

"Ndiyo."

"Nani anazinunua?"

"Hakuna mutu."

"Na ulijua iko na garanti. Mi mwenyewe nilikuambia."

"Nilijua."

Népomuscène alilirudisha boksi pale pale lilipokuwa, kwa uangalifu, kana kwamba ni yai. Akaketi. Alifunika uso kwa kitambaa alichopewa cha kujifutia mvua, na Houda hakuweza kujua kama anafuta maji ya mvua au ni kitu kingine.

"Ee Mungu wangu," alisema ndani ya kitambaa. "Ungeniambia."

"Ningekuambia namna gani?"

"Mi nimeshakubali kwenda Cankuzo."

Akamweleza. Shirika limetoa jipu mbili za zamani kwa zahanati moja iliyo karibu na mpaka. Kule mazutu hufika ndani ya madumu, yamechujwa kwa kitambaa au hayakuchujwa kabisa, na injini mpya ina vitundu vyembamba kama sindano. Ikinywa uchafu ule inakufa. Ile ya zamani itakunywa na kushukuru. Wakauliza nani anazijua zile gari za kutosha kukaa nazo. Népomuscène akanyoosha mkono.

"Kwa nini ulinyosha?" Houda aliuliza.

"Nilidhani hapa mujini sina tena kitu cha kuja kufuata."

Mvua ilikuwa imepungua. Kutoka mlango wa pili ilisikika pampu ya Faridi ikijaza tairi, ikakata, ikajaza tena. Houda aliwaza mambo mengi ya kusema, na kila moja lilikuwa kubwa kuliko mdomo wake. Mtu amekwisha kutoa neno lake kwa zahanati, kuna wagonjwa wanaomngoja. Atamwambia alivunje kwa ajili ya maboksi ya filta?

"Utarudi lini?"

"Gari ikiharibika nitakuja kwako. Bado we ndiye mwenye piesi zake."

"Apana." Houda alitoka nyuma ya kaunta. Katika miaka yote ile hakuwa amewahi kutoka nyuma ya kaunta akiongea naye. "Mi sitaki ikuharibikie kule porini. Piesi nitakutumia na basi. We, Népomuscène, ukuje gari ikiwa muzima."

Népomuscène alisikia jina lake kamili kutoka kinywani mwa Houda kwa mara ya kwanza, akainamisha kichwa. Kisha akaondoka katika manyunyu.

Msimu ule wa mvua Houda alijifunza Cankuzo bila kufika. Népomuscène alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala, saa aliyoichagua mwenyewe kwa kumjali. Alimwambia juu ya baridi ya asubuhi, ukungu unaolala juu ya nyasi hadi mchana, watoto wanaosukuma jipu likikwama kisha wakataka wote kupanda. Wakati mwingine alihitaji kipuri kweli. Houda alikifunga kwa magazeti, akaandika jina lake kwa wino mweusi, akakipeleka mwenyewe kituoni na kumkabidhi kondakta. Alisimama pale mpaka basi lipotelee kwenye barabara ya mlimani. Mara moja aliweka ndani ya furushi pakiti ya majani ya chai. Népomuscène hakuitaja kwenye simu, ila alisema, "Leo nimekunywa chai muzuri," na Houda akatembea na sentensi hiyo juma zima.

Lakini kutamani hakuna garanti. Kulikuwa na siku ambazo mtandao wa kule ulikatika na Ijumaa ikapita kama siku yoyote. Siku hizo Houda aliweza kugombana na mteja kwa ajili ya skurubu.

Cha ajabu, duka lilianza kupata nguvu. Watu wa Kinindo waliokuwa na jipu zao binafsi za aina mpya walimaliza garanti zao, au walichoka kungoja zamu, na habari ikaenea kwamba filta ziko Buyenzi, kwa Mama Piesi. Seti za kwanza zikaisha. Akaagiza nyingine, na vihisi, na mishipi. Alijifunza namba mpya kama alivyojifunza zile za zamani. Faridi akakubali kwamba ng'ombe wamepata njia ya kuja zizini wenyewe. Ila wateja hao hawakuketi. Walituma picha ya namba kwa simu, akaja mtu wa pikipiki, akachukua, akaondoka na kofia yake kichwani. Hakuna aliyeleta kipuri kilichokufa na kukisimulia. Houda aliuza zaidi kuliko wakati wa baba yake, na hakujua wateja wake wametoka barabara gani.

Noeli ilikuwa inakaribia wakati jipu la zamani liliposimama mbele ya duka. Lilikuwa limeoshwa, hata magurudumu. Népomuscène alishuka, amekonda kidogo, amechomwa na jua la mlimani. Hakuja kwa Houda. Alimsalimu kwa mbali, mkono kifuani, akaingia mlango wa pili, kwa Faridi.

Houda alibaki kwenye kaunta. Ukuta wa kati ulikuwa wa mabati na mbao, alisikia kila neno.

"Karibu, Papa Laure," Faridi alikuwa akisema. "Unataka tairi?"

"Apana, muzee wangu. Tairi ziko muzuri. Gari nayo iko muzima kabisa. Nimekuja kwa sababu ya dada yako."

Pampu ikazimwa.

Népomuscène aliongea kwa utaratibu, bila mapambo. Alisema ameishi peke yake muda mrefu na hakudhani ataongea maneno kama haya tena. Alisema anajua yeye ni Mkristo na hii ni nyumba ya Kiislamu, na hakuja kulifanya jambo hilo liwe dogo, maana si dogo. Alisema hakuja kuomba jibu. Alikuja ili Faridi asisikie habari hii barabarani, akaona amedharauliwa.

Kiti kikalia: Faridi ameketi. "Baba yetu alikupenda," alisema. "Alisema gari lako halinuki breki. Lakini gari ni gari, na dini ni dini. Kuna wazee, kuna Mzee Ilias, mkubwa wa ukoo wetu. Siwezi kukuambia ndiyo. Na sitaki kukuambia apana wakati umekuja kwangu kwa adabu hivi."

"Nimesikia. Nitangoja."

"Utangojea Cankuzo?"

"Kazi yangu iko kule."

Alipotoka alipita kwa Houda, mlangoni tu. Walitazamana. Népomuscène alikuwa na zawadi, mfuko wa maharage ya kule juu, akauweka kizingitini bila kuingia, kwa kuwa sasa alikuwa mtu aliyekwishasema na kaka mtu, na heshima ilikuwa imebadilika.

"Barabara yako iko ndefu," Houda alimwambia. "Usikimbize."

"We unajua nashuka namna gani."

"Leo unapanda."

Akatabasamu, akawasha gari, na sauti nzito ya dizeli ikajaa mtaa mzima, mafundi wakainua vichwa. Houda alilisindikiza kwa macho hadi likakata kona, na hata baada ya hapo alibaki amesimama, kwa sababu miguu ilikuwa bado haijakubali kwamba limeondoka.

Faridi alikuja kusimama karibu naye, mikono myeusi ya mpira, akaufunua mfuko wa maharage na kuufunga tena. Alionekana kama mtu anayetafuta pa kushikia mzigo mkubwa.

"Huko Cankuzo," alisema bila kumtazama, "musikiti iko?"

"Sijui," Houda akajibu. "Nitamuuliza."

Faridi akaitikia kwa kichwa polepole, akarudi kwenye matairi yake.